Mama wa Kule, Mama wa Hapa

Kitinda hakwenda uwanja wa ndege kumpokea dada yake. Alisema ana friji ya mwenye bucha inayovuja gesi, haiwezi kusubiri, jambo ambalo lilikuwa kweli. Lakini hata lingekuwa uongo angelisema vilevile.

Jina lake la haki lilikuwa jingine. Kwa kuwa alikuwa kitindamimba wa mama yao, nyumbani walimwita Kitinda tangu akitambaa, na jina likamganda hadi ukubwani, hadi wateja wakaliandika kwenye simu zao: Kitinda Friji. Alikuwa fundi wa friji, na fundi kweli. Zamani alishika kazi katika kiwanda cha maziwa, akitunza vyumba vya baridi, na jioni akizunguka mahotelini na begi lake la vifaa. Kisha mama yao akapigwa na kiharusi. Upande wa kulia ukafa, ulimi ukawa mzito, na mwanamke aliyekuwa akisikika hadi mtaa wa pili akawa anatoa neno moja kwa pumzi tatu. Kitinda akaacha kiwanda. Akahamishia kazi sebuleni ili akiitwa asikie. Tangu hapo sebule yao haikuwa na pa kuketi. Ilikuwa na friji tu, zimesimama zimefunguliwa migongo, mota nje, waya nje. Nyingi zilitoka majuu. Wenyewe huko walikwishazichoka, wakazipakia kwenye makontena, zikafika huku bado zimebandikwa karatasi za lugha ngeni na michoro ya watoto wa watu, zikauzwa kama mali.

Na Dada alikuwa hukohuko zilikotoka friji. Yeye ndiye kifungua mimba. Kwa miaka kumi na moja alifanya kazi ya kutunza wazee wa watu: kuwaogesha, kuwalisha, kuwavisha, kuwafuta. Hakurudi hata mara moja, hata baba yao alipofariki, kwa kuwa kibali chake kilikuwa bado, na huko asiye na kibali akishatoka hana pa kurudia. Hela alituma. Hilo hakuna aliyelikana, Kitinda naye hakulikana. Ila kila hela zilipofika zilifika na maagizo: mpe mama matunda, msimlaze na njaa, msimwache peke yake. Kitinda alikuwa akiyasoma maagizo hayo huku ameshika ndoo ya mkojo, anasonya.

Sasa kibali kilikuwa kimetoka, na Dada amepewa likizo ya mwezi mmoja.

Aliingia mchana na masanduku mawili, akayaacha katikati ya friji, akapita moja kwa moja chumbani. Alikuwa amekonda. Nywele zilikuwa zimeanza mvi, na viatu alivyovaa vilikuwa vyeupe, vya mpira, vya mtu anayeshinda kwa miguu. Kitinda alimsikia mama yao akitoa sauti ambayo hakuwahi kuitoa tangu augue, sauti ya mtu anayecheka na kulia kwa upande mmoja wa mdomo. Moyo ukamchoma. Akajifanya anakaza skrubu.

Haikuchukua muda.

"Kitinda! Hebu njoo hapa!"

Alimkuta Dada amevaa glavu, amemgeuza mama yao ubavu, ameikunja kanga juu. Chini ya kiuno, pale penye mfupa, kilikuwepo kidonda cha ukubwa wa kifuniko cha chupa, chekundu pembeni, kijivu katikati.

"Hiki nini?"

"Kidonda."

"Naona kuwa ni kidonda, sina upofu. Nimekuuliza kimefikaje hapa."

"Kimefika kwa kulala. Mtu akilala chali miaka miwili unategemea aote maua?"

"Mgonjwa halazwi chali mchana kutwa! Anageuzwa. Kila baada ya saa mbili anageuzwa, mtoto mdogo analijua hilo. Kule kwetu hii ni kesi. Mtu anaitiwa polisi."

Kitinda akamkata jicho. "Kule kwenu wapi?"

Dada alikwishainama tena. Alikuwa ametoa simu na anakipiga picha kile kidonda, mara moja kwa mbali, mara moja kwa karibu, kama mtu wa bima anayepiga gari lililogongwa.

"Na hiyo picha ya nini?"

"Ya kumbukumbu. Ndivyo tunavyofanya."

"Basi watumie na hao polisi wa kwenu. Waambie mtuhumiwa yupo, hajakimbia. Wala hana nauli ya kukimbilia."

Mama yao alikuwa amegeuziwa ukutani, hakuuona uso wa yeyote kati yao. Alinyoosha mkono wake mzima nyuma, akawa anapapasa hewa akitafuta kanga ajifunike. Wote wawili walikuwa wanatazamana, hakuna aliyemfunika.

Siku zilizofuata nyumba ikawa ya Dada. Alifungua sanduku moja likatoka duka zima la dawa: mafuta ya kupaka, bandeji za kunata, nepi za watu wazima, mito ya kuweka katikati ya magoti, mkanda mpana wa kumnyanyulia mgonjwa. Akaweka saa kando ya kitanda. Akampa Kitinda glavu na kumfundisha namna ya kuzivua bila kujipaka, naye Kitinda akafundishika kama mwanafunzi anayengoja mwalimu ageuke ambetulie midomo. Kwa haki, kidonda kilianza kukauka. Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Majirani wakamiminika. Wote walikuja kumwona Dada, na wote walitoka na kitu: sabuni, soksi, chokoleti iliyoyeyuka njiani. "Mama yenu amepata mtu sasa," walisema, wakipita mbele ya Kitinda kama mojawapo ya friji zake. Mmoja tu hakusema hivyo, mwanamke wa nyumba ya pili aliyeitwa Mama Pacha, ambaye kila asubuhi kabla ya kwenda kuuza mkaa wake alipita kumsaidia Kitinda kumnyanyua mama. Yeye alipewa soksi, akazitazama, akasema, "Asante. Nitavaa baridi ikija," na nje jua lilikuwa la kupasua vichwa.

Kitu kingine kilichomkera Kitinda ni sauti. Dada alipokuwa akimhudumia mama yao alizungumza kwa sauti ya juu, tamu, kama anaongea na mtoto wa chekechea. "Haya tunageuka sasa, mpenzi! Tumekula vizuri leo, eti? Tumemaliza uji wote!" Tumemaliza nani, Kitinda alijiuliza. Mama yao, aliyewahi kumtoa mwenye nyumba mbio kwa mwiko, alikuwa akiitikia kwa kichwa na kutabasamu kwa nusu ya uso. Tabasamu hilo Kitinda hakuwahi kulipata. Yeye alizoea kuambiwa "Pole... pole," na maana yake ilikuwa: unaniumiza.

Halafu ikaja ile simu.

Ilikuwa alasiri. Dada aliketi kwenye kigoda mlangoni mwa chumba cha mama, ndipo mtandao unaposhika, akapokea simu ya picha. Kitinda, aliyekuwa amelala chini akichomea bomba, aliweza kuona kioo. Kulikuwa na chumba cheupe, dirisha pana, na kitanda kilichokuwa kikijiinua chenyewe taratibu, mtu hajakigusa. Juu yake bibi kizee mwenye nywele kama pamba alinyoosha kidole kwenye kioo na kulia. Dada akamwimbia. Akaimba wimbo mzima, kwa lugha ya huko, kwa sauti ambayo haikuwa ile tamu ya chekechea. Ilikuwa sauti yake hasa, ya chini, ya usichana wake. Kisha akabusu kioo. Katika maneno yote Kitinda alielewa moja tu, kwa kuwa karibu kila lugha inalo.

Alizima kifaa cha kuchomea, akaketi.

"Umemwita mama."

"Anapenda kuitwa hivyo. Hali chakula mpaka nimlishe mimi. Wamempa mwingine, anamtemea."

"Hana watoto?"

"Anao watatu. Hawaji."

"Wako nchi nyingine?"

"Wako mji huohuo." Dada akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Watu wa huko wana mioyo migumu, mdogo wangu. Mtu anamwacha mama yake anatunzwa na watu baki."

Kitinda alimtazama aone kama ameyasikia maneno yake mwenyewe. Hakuyasikia.

"Na watoto wa huyu wa hapa wako wapi?" akauliza.

Uso wa Dada ukabadilika rangi. Papo hapo kutoka kitandani kukasikika mama yao akijikusanya kuzungumza. Walingoja. Neno lilipotoka lilikuwa moja.

"Nani?"

"Ni mgonjwa wangu, mama," alisema Dada haraka. "Wa kazini."

Mama yao akamtazama muda mrefu, kisha akageuzia uso ukutani, safari hii mwenyewe.

Asubuhi iliyofuata kiwanda cha maziwa kilimpigia Kitinda. Chumba kikubwa cha baridi kilikuwa kimekufa, maziwa ya wilaya nzima yanangoja kuharibika, na fundi waliyemwajiri baada yake alikuwa ameshindwa. Siku nyingine angesema hawezi, ana mgonjwa. Siku hiyo aliikunjua ovaroli yake ya zamani, akaivaa, akapakia begi.

"Unakwenda wapi?" Dada alikuwa na beseni mkononi.

"Kazini."

"Na mama?"

"Leo zamu yako."

"Kitinda, usifanye mchezo. Mimi sijawahi kumnyanyua mtu peke yangu. Kule ni lazima tuwe wawili, ni sheria, na kuna mashine ya kunyanyulia."

"Hapa mashine ndiyo mimi," alisema Kitinda, akitupia begi begani. "Na leo mashine imekwenda kazini."

Alitoka bila kuangalia nyuma, na huko barabarani, ni vibaya kusema lakini ndivyo ilivyokuwa, aliona raha. Aliona raha hata ya vumbi. Kiwandani walimpokea kwa vifijo. Akapanda ngazi, akafungua mashine, akanusa ile harufu ya mafuta baridi aliyokuwa ameisahau. Simu yake ilikuwa mfukoni. Ilitetemeka. Aliitoa, akaona jina la Dada, akairudisha. Ikatetemeka tena. Akasema moyoni: ndiyo, jua na wewe. Ilipotetemeka mara nyingine aliichukua akaitupa ndani ya begi, chini ya spana, akaendelea na kazi.

Chumba kilipoanza kuvuta baridi, mlinzi alikuja kumwita. Getini kulikuwa na mama analia, alisema, ana masizi usoni. Kitinda alishuka ngazi anakimbia. Alikuwa Mama Pacha, amekuja juu ya pikipiki na nguo zake za mkaa.

"Mama yako ameanguka," alisema. "Kwa nini hushiki simu?"

Mambo yalikwenda hivi. Maji ya bomba yalikatika, Dada akachota ya kisima na kuyabeba ndani kwa ndoo, yakamwagika kidogo sakafuni kwenye saruji laini ya chumba. Mama akataka haja. Dada alimpigia Kitinda aje washikane. Alimpigia tena. Mama hakuweza kungoja, na aibu yake ilikuwa bado nzima hata kama mwili ulikuwa nusu. Dada akamfunga ule mkanda mpana, akamkumbatia kama alivyofundishwa, akamwinua kuelekea kwenye kile kiti cha plastiki kilichotobolewa katikati. Viatu vyake vyeupe vikateleza. Mkanda haukukatika, bandeji zilikuwepo, saa ilikuwepo, na mtu wa pili hakuwepo. Mama aliangukia nyonga, Dada akaangukia juu yake.

Hospitali Kitinda na Mama Pacha walimkuta Dada kwenye benchi la korido, mama yao amelazwa kwenye machela isiyo na godoro, amefumba macho, kucha za mkono mzima zimezama kwenye ubao. Daktari kijana mwenye macho mekundu kwa uchovu aliinua picha ya eksirei kwenye mwanga wa dirisha.

"Nyonga imevunjika," alisema. "Hii inatakiwa kufunguliwa, iwekwe chuma. Bila hivyo hataketi tena."

"Basi mfungue," alisema Kitinda.

"Mimi si wa mifupa, mama. Wa mifupa alikuwepo mmoja kwa upande huu wote. Chumba chake cha upasuaji kipo, meza yake ipo, vyuma vingine viko ndani ya kabati. Yeye ameondoka."

"Amekwenda wapi?"

"Majuu. Mwaka juzi." Alilisema bila kinyongo, kama mtu anayetaja zamu yake mwenyewe itakayofika. "Mji mkuu wapo wawili, lakini foleni yao ni ya miezi, na kumsafirisha katika hali hii barabara ile... Nitampa dawa ya maumivu."

Akaenda kwa mgonjwa mwingine. Dada alikuwa anatazama mlango uliofungwa mwisho wa korido, mlango wa chumba cha upasuaji.

"Namjua," alisema polepole.

"Unamjua nani?"

"Huyo daktari. Bibi yangu wa kazini alianguka bafuni mwaka jana. Nyonga hiihii. Kesho yake asubuhi wakamfungua. Nilikuwa koridoni nazungumza kwa simu, tena naongea na wewe, Kitinda, nakuuliza habari ya mama, akatoka daktari amevaa kofia ya upasuaji, akanisalimia kwa lugha yetu. Nilifurahi nikamshika mkono. Akaniambia alikuwa hapa. Aliitaja hospitali hii. Wiki ya pili bibi alikuwa anatembea akishikilia kigari."

Kitinda alisimama.

"Kwa hiyo bibi yako amepata binti yetu na amepata daktari wetu. Na sisi wametuletea friji mbovu."

"Usinipandishie sauti hospitali."

"Nitapandisha! Umemwangusha mama!"

"Na wewe uliniacha! Nilikupigia ukaniona, ukanyamaza. Sema hukuona. Haya sema!"

Nesi mmoja aliyekuwa akifunga bandeji aligeuka kuwakanya, kisha akaona machela, akaona nyuso zao, akaendelea na bandeji yake.

"Ninyi mna hela ninazotuma," alisema Dada kwa sauti ya chini. "Kila mwezi. Usijifanye hamna kitu."

"Haya. Chukua hela zako, zikunje, umfunge mama nyonga."

Walimrudisha nyumbani kwenye gari la kubebea friji, wamemlaza juu ya magodoro mawili, Mama Pacha amekishika kichwa chake mapajani. Kila shimo la barabara lilimtoa mama yao sauti. Dada alikuwa ameketi upande wa miguu, na Kitinda upande wa pili wa miguu, na hawakuangaliana njia nzima.

Kuanzia hapo mama yao hakutaka kuguswa na Dada. Dada alikuja asubuhi na glavu zake na beseni, akainama, na ile sauti tamu ikamtoka kwa mazoea: "Haya, tunageuka sasa, mpenzi." Mkono mzima wa mama ukaruka kutoka ndani ya shuka ukampiga kifundo cha mkono, kofi la nguvu ambalo Kitinda hakujua kama bado limo ndani ya mwili ule.

"Si... mpenzi," alisema mama yao. Alivuta pumzi, macho yamemtoka. "Mimi... mama."

"Ndiyo, mama. Samahani, mama."

"Toka."

Dada alitoka. Kitinda aliyasikia yote kutoka sebuleni, na ungedhani angefurahi. Aliyangoja maneno hayo tangu siku ya picha ya kidonda. Yalipofika hayakuwa na ladha. Alimwona dada yake amesimama katikati ya friji, glavu mkononi, kifundo kimemvimba, kama mtu aliyeshuka kituo kisicho chake, akatamani hata amtukane ili mambo yarudi kama yalivyokuwa. Lakini alichomwambia ni, "Sogea, unanizibia mwanga."

Likizo ikaisha. Siku ya safari Dada alikuwa amekwishavaa, sanduku moja tu, jepesi. Jingine alilimaliza kwa majirani na kwa mama. Kitinda alisimama mlangoni, si kumpisha.

"Unakwenda kweli."

"Nifanyeje?"

"Ukae. Mama ndiye huyo, hawezi kugeuka hata akigeuzwa bila kupiga kelele. Nataka mikono miwili mingine. Sitaki hela, nataka mikono."

"Nikikaa, kibali kinakufa. Kibali kikifa, dawa za maumivu utanunua na nini? Na gesi ya friji? Waya za mota?"

"Tutauza hata milango."

"Milango!" Dada akaangua kicheko kibaya. "Wewe unafikiri mimi huko nakula bata. Nilipofika nililala chumba kimoja na wanawake watano, kitanda kwa zamu, hakijapoa mwingine analala. Kuna mzee amenitemea mate usoni, akataka mtunzaji anayefanana naye, nami nikajifuta nikamwambia asante, tumemaliza uji. Baba amezikwa mimi nafuta matapishi ya mtu. Siku hiyo sikuomba hata ruhusa, ningemwomba nani? Ile sauti unayoichukia, ndiyo iliyolisha nyumba hii. Niliitumia hadi nikasahau ya kwangu iko wapi."

"Huyo bibi yako unamwimbia kwa ya kwako. Niliisikia."

Machozi yalimjaa Dada, akayazuia kwa hasira, kidevu juu.

"Yule ananipenda," alisema.

"Pole," alisema Kitinda. Na alimaanisha, ila ilitoka kama mlango unaofungwa. "Nenda basi kwa mama yako."

Dada akamsukuma kwa bega akapita. Akaingia chumbani kuaga. Kitinda hakusikia neno. Alisikia viatu vya mpira tu vikitoka. Hakumsaidia sanduku. Mama Pacha ndiye aliyelibeba hadi barabarani, akarudi akiwa amevaa zile soksi, sijui kwa nini, na hakuna aliyemuuliza.

Mama yao hakukaa sana. Mtu asiyeweza kugeuzwa hata umtafutie mito ya dunia nzima, kidonda kitamrudia. Kilirudi na kumzidi, kisha kifua kikaingia maji. Kitinda alimgeuza kwa alivyoweza, kila baada ya saa mbili, na kila alipomgeuza mama yake alimlaani, na kila alipomlaani Kitinda alijibu, "Nimesikia, mama." Dada alipiga simu kila siku. Kitinda alimpokelea akamwambia hali, maneno machache, akakata. Hela zilifika, zikanunua dawa za maumivu, na dawa za maumivu zilifanya kazi yake. Hilo nalo liwe limesemwa.

Alifariki asubuhi moja Kitinda akiwa anapoza uji. Alipompigia Dada, upande wa pili ikasikika sauti ndogo: "Nitaomba ruhusa." Jioni akapiga tena. Walikuwa wamemkatalia. Likizo ya mwaka alikwishaitumia, watu wa kazi ni wachache, na bibi ana homa.

"Sawa," alisema Kitinda. "Muuguze vizuri."

Siku ya mazishi uwanja wa nyumba ulijaa watu. Friji zilikuwa zimetolewa nje zikapangwa kando ya ukuta kupisha mwili, na watu wengine waliziegemea. Wakati jeneza linatolewa ndani, Kitinda alimwona Mama Pacha ameinua simu juu ya vichwa vya watu, kamera imeelekezwa mlangoni. Akajua mara moja nani yuko upande wa pili. Damu ikamchemka. Siku zote hizi hajamgeuza, hajafua shuka moja yenye usaha, leo aje atazame kama sinema? Alipenya katikati ya watu, akafika, akamshika Mama Pacha mkono, akainua kiganja afunike kioo.

Kwenye kioo alikuwemo Dada. Alikuwa amevaa sare ya kazi, rangi ya samawati, jina lake limebandikwa kifuani, amesimama kwenye korido ndefu amejibana ukutani. Uso ulikuwa umelowa. Hakuwa anamwona Kitinda. Alikuwa anaona jeneza. Kisha nyuma yake kengele ikalia, ile ya mgonjwa anayeita. Ikalia tena. Dada akageuza shingo, akasema neno kwa lugha ya kule, akajifuta kwa mkono wa sare. Alitazama kioo mara moja zaidi. Kisha picha ikayumba, ikaanguka, ikatulia, na hakukuwa na Dada tena. Alikuwa ameiacha simu juu ya meza, imelala chali, akakimbilia kengele.

Kilichobaki kwenye kioo ni dari. Dari nyeupe, safi, na taa ndefu inayowaka mchana. Mbele ya dari hiyo mama yao alikuwa anatolewa nyumbani kwake.

Kitinda alisimama na kiganja chake hewani. Waliobeba jeneza walikuwa wamefika kwenye kona ya friji, wanasitasita wapite wapi. Mtu akamwita aje awaelekeze.

Akashusha mkono. "Usikate," alimwambia Mama Pacha. "Ishike hivyohivyo, akirudi akute."

Kisha akaenda kusogeza friji.